Nianzie wapi na sanduku la picha za marehemu mama?

Swali: Mama yetu, aliyezaliwa mwaka 1946, alifariki miezi minane iliyopita. Ametuachia sanduku lenye picha zipatazo mia mbili, nyingi zikiwa hazina maandishi yoyote nyuma, albamu moja yenye kurasa za gundi, na bahasha ya negativu (vipande vya filamu vilivyotoa picha) ambazo hakuna anayejua ni za lini. Tumezaliwa wanne. Kaka yetu mkubwa anataka picha zigawanywe ili kila mmoja abaki na zake. Mimi ninataka kuandika maisha ya mama kwa kuzifuata picha hizo, lakini kila nikilifungua sanduku machozi hunizidi nikalifunga tena. Katika picha moja mama bado ni msichana, na mtu aliyesimama ubavuni pake amekatwa kwa mkasi. Mama mkubwa, dada yake, bado yu hai ila amezeeka sana. Nianzie wapi? – Binti wa tatu

Jibu: Pole sana, dada yangu, kwa kufiwa na mama. Nimelisoma swali lako mara kadhaa kwa sababu ndani yake yamo maswali manne au matano, na jibu ambalo wengi wangekupa, yaani kukimbilia mashine na kuzinakili picha zote kwenye kompyuta, ndilo ambalo ningekuomba uliweke kando kwanza. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhifadhi picha na nyaraka za familia, na katika kazi hiyo nimeona kwamba karatasi ina subira kuliko binadamu. Picha iliyokwisha kukaa miaka sitini ndani ya sanduku kavu itakaa mwaka mmoja zaidi bila kudhurika sana, lakini jina la msichana fulani aliyeshikana mikono na mama yako huenda limebaki katika kichwa cha mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mama mkubwa. Anzia kwake. Mengine mengi nitakayoyaeleza hapa, pamoja na shauri la mgawanyo, yanaweza kungoja hadi utakapokuwa umeketi naye angalau mara mbili.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu machozi. Lipo wazo la zamani, ambalo huhusishwa na insha ya Sigmund Freud ya mwaka 1917, kwamba mfiwa hupona kwa kuutenga moyo wake na marehemu hatua kwa hatua. Wazo hilo limepingwa sana tangu hapo. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walihariri kitabu kilichoonyesha kwamba wafiwa wengi huendelea kuwa na uhusiano wa aina fulani na wapendwa wao waliofariki, na kwamba jambo hilo si ugonjwa. Miaka mitatu baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo anaukabili msiba wake ana kwa ana, kesho anaupa kisogo ili ashughulikie mambo ya kuishi, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomvusha. Ukilitazama sanduku lako kwa jicho hilo, kulifungua na kulifunga si kushindwa. Ninachokushauri ni kwamba usilifungue lote. Toa picha kumi, lifunge, kisha kaa na hizo kumi kwa saa moja na si zaidi. Tena chagua kwanza zile zilizopigwa kabla hujazaliwa, kwa maana nimeona mara nyingi kwamba picha za mama akiwa msichana huuma kidogo kuliko za mama tuliyemjua. Za kwanza huamsha hamu ya kujua, za pili huamsha hamu ya kumrudisha. Ikiwa hata nje ya sanduku usingizi umekukimbia na kazi za kila siku zimekushinda kwa miezi, hilo mpelekee daktari au mshauri nasaha, maana picha hazikuumbwa kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni kutovuruga mpangilio ulioukuta. Hapa ninasema kwa majuto, kwa sababu nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilizichambua picha za mama yangu mzazi jioni moja, nikazipanga upya kwa namna niliyoiona ya maana: harusi upande huu, watoto upande ule, wasiojulikana mwisho. Ilinichukua miaka kutambua nilichokiharibu. Picha zilizokuwa zimekaa pamoja katika bahasha moja zilikuwa za safari moja, na zile alizozifunga kwa uzi zilikuwa za watu alioona wanastahili kufungwa pamoja. Yeye alikuwa amekwisha kuandika maelezo, ila hakutumia kalamu. Basi kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu kila tabaka la sanduku kama lilivyo, na kila ukurasa wa albamu ukiwa mzima pamoja na maneno yaliyoandikwa pembeni. Kisha ipe kila picha namba kwa kufuata mpangilio huo huo, na namba hiyo uiandike kwenye bahasha ya karatasi utakayoitia picha, si juu ya picha yenyewe.

Sasa twende kwa mama mkubwa. Mwaka 1957 mwanaanthropolojia John Collier alichapisha matokeo ya majaribio ya kuwahoji watu kwa kutumia picha na bila kutumia picha, akaeleza kwamba waliooneshwa picha walitoa habari nyingi na zenye undani zaidi, na hawakuchoka upesi. Sababu yake utaiona mwenyewe. Mzee akiulizwa “nieleze kuhusu utoto wenu” huwa anatafuta la kusema. Akiwekewa picha mbele yake, macho hayako tena kwako bali kwenye karatasi, na maneno huja yenyewe. Zaidi ya hayo, watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba wazee wengi hukumbuka zaidi mambo ya takriban kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko mambo ya miaka iliyofuata. Ikiwa mama mkubwa alimzidi mama yako kwa miaka michache, basi kipindi ambacho kumbukumbu yake ina nguvu zaidi ni kile kile cha usichana wa mama yako, ambacho ninyi watoto hamkukishuhudia. Huenda asikumbuke umekuja lini mara ya mwisho, lakini akakutajia rangi ya gauni katika picha isiyo na rangi.

Usimpelekee picha mia mbili. Mpelekee nane, zisizidi kumi na mbili, na uzichapishe kubwa, ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, kwa kuwa kioo cha simu humchosha mzee na kidole kikiteleza picha hupotea. Rekodi sauti baada ya kuomba ruhusa yake, kisha isahau simu. Usianze na swali la “huyu ni nani?”, kwa maana hilo ni mtihani, na mzee akishindwa majina mawili ya kwanza atanyong’onyea na kusema kwamba hakumbuki chochote. Anza na “hapa ni wapi?” au “siku hii mlikuwa mnatoka wapi?”. Uliza nguo ilishonwa na nani, viatu vilikuwa vya nani, kiti kile kilitoka nyumba gani. Uliza pia swali ambalo karibu kila mtu hulisahau, nalo ni nani aliyekuwa ameishika kamera. Mtu huyo haonekani, lakini wote walio pichani wanamtazama yeye, na namna mama yako anavyotabasamu huenda ni jibu kwa mtu ambaye hamjawahi kumfikiria. Akikaa kimya, nawe kaa kimya. Akikosea mwaka, usimsahihishe; andika alivyosema, utalinganisha baadaye. Nusu saa inatosha, halafu urudi siku nyingine na picha zile zile, kwa sababu ziara ya pili mara nyingi huzaa kuliko ya kwanza: usiku uliopita katikati ndio uliofanya kazi.

Nenda peke yako, na ukiwa na wazee wengine wa kuwauliza, waulize kila mmoja kivyake. Ndugu wakikaa pamoja hukubaliana haraka mno, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeandika historia ya wote.

Hapa inanibidi nikutahadharishe kuhusu nguvu ya picha yenyewe. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu wazima 20 walioneshwa picha za utotoni mwao, na miongoni mwake ilichomekwa moja ya kughushi iliyowaonyesha wakiwa katika puto kubwa la kurukia angani, safari ambayo haikuwahi kutokea. Baada ya mahojiano matatu, nusu yao walikuwa wameikumbuka safari hiyo kwa kiasi fulani, wengine kwa maelezo yao wenyewe. Picha za mama yako hazikughushiwa, lakini kanuni inabaki ile ile: tunapoitazama picha mara nyingi, akili hujenga tukio kuizunguka, na baada ya miaka hatuwezi kutofautisha tulichokiona kwa macho na tulichokiona kwenye karatasi. Huenda hata wewe unayo kumbukumbu ya mama akikubeba mlangoni ambayo kwa kweli ni kumbukumbu ya picha. Sisemi uitupe. Ninasema kwamba katika daftari lako utenge mambo matatu kwa kila picha: kinachoonekana, kilichosemwa na nani na lini, na unachokisia wewe. Ukiyachanganya leo, wajukuu watakapolisoma hawatakuwa na njia ya kuyachambua.

Na kinachoonekana ni kingi kuliko unavyodhani, ukijua pa kutazama. Igeuze picha kabla ya kuitazama uso. Karatasi inayofanana na karatasi ya kawaida, inayojikunja kidogo na isiyo na utelezi wa plastiki upande wa nyuma, ni ya aina ya zamani. Ile iliyopakwa plastiki pande zote mbili ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutawala katika miaka ya 1970. Kingo zilizokatwa kwa mawimbi au kama zilizochanika kidogo zilipendwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960. Picha ndogo ya rangi yenye umbo la mraba wa takriban sentimita 9 mara nyingi ilitoka kwenye kamera za Instamatic ambazo Kodak ilizitoa mwaka 1963, ingawa mraba peke yake si ushahidi, maana kamera nyingine zilizotangulia nazo zilitumia filamu ya mraba. Maabara nyingi zilichapa mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe, lakini huo ni mwezi wa kusafishwa kwa filamu, na filamu ingeweza kukaa ndani ya kamera tangu sherehe moja hadi nyingine. Tarakimu za rangi ya chungwa pembeni mwa picha, zilizozoeleka kuanzia miaka ya 1980, ziamini kwa tahadhari zaidi: zilitegemea mwenye kamera kuirekebisha saa yake, na wengi hawakuirekebisha. Muhuri wa studio nyuma ya picha una thamani kubwa, hata kama studio imekwisha kufungwa, kwa sababu utakutambulisha mji, na mji utakutambulisha miaka.

Kumbuka tu kwamba karatasi hukuambia picha ilichapishwa si kabla ya lini. Haikuambii ilipigwa lini. Picha ya mama akiwa mtoto iliyo kwenye karatasi ya plastiki ni nakala iliyotolewa upya miaka mingi baadaye, na hapo swali zuri huwa ni nani aliyeitaka tena, na kwa nini mwaka ule. Tarehe iliyo bora kuliko zote, hata hivyo, ni watoto. Kimo cha kaka yako, meno yaliyong’oka, mdogo wako kutokuwepo bado au kuwepo tumboni, vitakupa mwaka kwa usahihi ambao hakuna mtaalamu wa karatasi atakayeufikia.

Ukishazipanga kwa miaka, ndipo utakapokutana na jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha kazi hii yote, nalo ni mapengo. Familia hazipigi picha maisha. Hupiga picha sikukuu. Kama mama yako alifanya kazi kwa miaka thelathini, kuna uwezekano mkubwa kwamba hana hata picha moja akiwa kazini, na kama alimuuguza mzazi wake kwa miaka miwili, hakuna aliyeleta kamera chumbani. Utakuta picha kumi na tano za siku moja ya harusi na pengo la miaka minne baada yake. Usiliruke pengo hilo. Liandike kwenye orodha kama unavyoandika picha, lipe namba, kisha umuulize mama mkubwa na wengine kilichokuwa kikiendelea. Wakati mwingine jibu ni jepesi, kwamba kamera iliharibika au iliuzwa. Wakati mwingine jibu litakufanya ulifunge daftari kwa siku hiyo.

Angalia pia namna mama anavyokosekana ndani ya picha zilizopo. Katika familia nyingi mama huonekana akiwa msichana, halafu bi harusi, halafu anatoweka na watoto wanachukua nafasi yote. Mtafute pembezoni: mkono unaomshikilia mtoto mgongoni asianguke, upindo wa nguo upande wa kushoto, kivuli kilicholala ardhini mbele ya watoto waliofinya macho kwa jua. Kivuli hicho ni cha mpiga picha, na kama kina umbo la nywele zake, basi hiyo nayo ni picha ya mama yako. Pengine ndiyo picha pekee inayoonyesha alichokuwa akikitazama. Kwa upande mwingine, usiusome uso wake wa studio kama ushahidi wa huzuni. Wapiga picha wa studio waliwapanga watu, wakawainua videvu, wakawaambia watulie, na sura nzito ilikuwa ni heshima ya tukio. Nimewahi kumsikia mjukuu akieleza kwa uhakika kwamba bibi yake hakuwa na furaha ujanani, na ushahidi wake wote ulikuwa picha moja ya kitambulisho.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mambo yenyewe si magumu. Adui wa kwanza katika sanduku lako ni ile albamu ya gundi. Gundi ya kurasa hizo hubadilika kuwa njano, hushika picha kwa nguvu kadiri miaka inavyopita, na karatasi ya plastiki inayofunika juu mara nyingi nayo si salama. Baada ya kuipiga picha kurasa nzima, jaribu kupitisha uzi wa meno taratibu kati ya picha na ukurasa kama anayekata sabuni, kuanzia pembeni, bila kuikunja picha. Ikigoma, iache na uinakili pale pale ilipo. Usitumie maji wala joto kwa kubahatisha. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu nayo usiibandue. Weka picha katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, au za plastiki ya poliesta au polipropilini, na ukwepe plastiki laini yenye harufu kali. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini tu, ukingoni, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Picha za karatasi iliyopakwa plastiki hazikubali penseli ya kawaida, hivyo hizo andika kwenye bahasha zake. Mahali pa kuziweka ni chumba kinachokaliwa na watu, ndani ya kabati, mbali na ukuta wa nje, dari na jiko, na unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 30 na 50 ikiwezekana. Za rangi zipe kipaumbele katika kunakili kuliko nyeusi na nyeupe, kwa maana rangi zake hufifia hata gizani. Ule wekundu unaouona katika picha za miaka ya 1970 ni rangi nyingine kuondoka na nyekundu kubaki.

Unaponakili, tumia skana na si simu, kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ndogo sana zipe 1200, na negativu zisipungue 2400. Hifadhi nakala kuu katika faili la TIFF, na nakala nyepesi za JPEG ndizo za kutumiana. Usihesabu kwamba picha imehifadhika kwa sababu uliituma kwenye kundi la familia, kwani programu za ujumbe huzipunguza picha na kufuta taarifa zilizoambatana nazo. Weka nakala tatu katika vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa. Kuna programu siku hizi zinazotia rangi picha nyeusi na nyeupe na kunoa nyuso zilizofifia, nami sikukatazi kuzitumia kwa kujifurahisha, lakini jua kwamba rangi ile ya gauni imebuniwa, na uso ule ulionolewa umejengwa kutokana na nyuso za watu wengine. Kwangu mimi uso wa mama uliofifia ni bora kuliko uso safi usio wake. Iite nakala hiyo jina tofauti, na isichukue nafasi ya asili.

Sasa kaka yako. Ninamwelewa, na kwa sehemu ana haki, kwani picha zilizokaa katika nyumba moja huteketea kwa moto mmoja. Tatizo ni neno lake “zake”. Kila mmoja akichukua picha ambamo yumo, sanduku litagawanyika vizuri kuanzia siku mlipoanza kuzaliwa, na yule msichana aliyeishi kabla yenu atabaki bila mwenyewe. Mpendekezee hivi: picha za asili zikae pamoja kwa mwaka mmoja, kwa mtu mtakayekubaliana, iwe wewe au hata yeye, zinakiliwe zote, kila mmoja apewe seti kamili, kisha ndipo mgawane za asili kwa orodha iliyoandikwa, inayoonyesha namba ipi iko kwa nani. Za kabla ya ndoa ya mama zisigawanywe, na negativu zisitenganishwe kwa hali yoyote. Mpe kaka kazi ya orodha. Mara nyingi anayetaka kugawana haraka ni mtu anayeogopa kwamba atasahauliwa, na kumpa kazi humtuliza kuliko kumpa hoja.

Kuhusu kuandika, usianze na kuzaliwa kwake. Chagua picha moja usiyoweza kuiacha, iandikie ukurasa mmoja ukitumia yale mafungu matatu ya daftari, na ukurasa ukiisha uchague nyingine. Kurasa ishirini za namna hiyo zitakuwa na mama yako ndani kuliko wasifu wa msibani, ambao kwa desturi yake hutaja wema na tarehe. Andika pia alivyokuwa akikasirika, alichokuwa hataki kuguswa, neno alilopenda kulirudia hadi likawakera. Sauti yake haimo katika picha hata moja, wala harufu ya nguo zake, wala mwendo wake akishuka ngazi. Hivyo viandike mapema, hata kabla ya picha, kwa sababu havina nakala popote isipokuwa kwenu ninyi wanne.

Nimeiacha mwisho picha iliyokatwa. Itazame ukingo wake kwa lenzi ya kukuzia. Kama mkasi umefuata umbo la kichwa au umeacha tundu dogo la duara au la mstatili, huenda mtu alihitaji tu uso wa kubandika kwenye fomu au kwenye fremu ndogo, na picha hizo zilikatwa hivyo mara nyingi zaidi kuliko tunavyofikiri. Kama mstari umeshuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, tazama begani na kiunoni mwa mama kama kuna vidole vilivyobaki. Na vyovyote itakavyokuwa, usilisahau jambo moja lililo mbele ya macho yako: aliyemkata mtu yule, kama ni mama mwenyewe, hakuichoma nusu iliyobaki, bali aliitunza maisha yake yote.

Halafu ichukue ile bahasha ya negativu. Zinuse kwanza, zenye harufu ya siki zimeanza kuoza, zitenge na nyingine na uzinakili mapema. Zile za zamani kabisa zisizo na neno “Safety” pembeni huenda ni za nitrati, filamu inayowaka kwa urahisi ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951; hizo usizipashe joto, na umwombe mhifadhi wa makumbusho au wa maktaba azikague. Nyingine zishike kwa kingo, uziweke juu ya kioo cha simu kilichowashwa cheupe, na kwa simu ya pili uzipige picha na kugeuza rangi, kwa kuzitazama tu, maana nakala ya kuhifadhi ni ile ya skana. Kingo zake zina namba, na namba hizo zitakupa mfuatano wa siku ile fremu kwa fremu, pamoja na picha ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Inawezekana kabisa kwamba mtu aliyekatwa kwenye karatasi bado amesimama kamili kwenye negativu, ubavuni pa mama yako. Ukimkuta, usimwonyeshe kaka bado, wala usimtume kwenye kundi la familia. Ichapishe picha hiyo kubwa, uitie kwenye bahasha, na siku ya ziara ya pili, mkiwa wawili tu, umuulize mama mkubwa kama angependa kuiona.